Gichuru Wawili wa Wakonyo

Ruiru
Jumapili, 10 Oktoba 1954

Gathogo,

Mkono wako umevunjika? Kama umevunjika niambie nikusamehe. Kama haujavunjika, basi huna haya. Miezi miwili hujaniandikia hata neno moja, na Jumanne unapita mbele ya mlango wangu ndani ya lori la askari, shingo umeikaza kama ng'ombe aliyefungwa nira. Hushuki, hunisalimii. Usiniambie hukuniona. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia na mzigo wa kuni mgongoni, na lori lenu ndilo lililonipisha.

Naandika Kiswahili, na wewe ujibu Kiswahili, kwa sababu barua za Kikuyu zinakaa hapo kambini mpaka zinaota ukungu zikingoja mtu wa kuzisoma. Kiswahili nilikipata katika mashamba ya kahawa. Kuandika nilifundishwa uzeeni kwa darasa la ubatizo, ndiyo sababu mistari yangu inapanda mlima na kushuka. Wewe Sajini unayefungua barua, nasikia unaitwa Nzioka na ni Mkamba: soma, lakini ukimaliza ubandike vizuri. Barua ya mwisho ilifika wazi kama shati la mlevi.

Sasa neno lenyewe. Majoni, hao askari wa Kizungu, wamemchukua mume wangu.

Sajini, usishtuke. Mume wangu Gichuru alikufa zamani. Lakini kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake. Mimi nilizaa wana wawili, Ndung'u na Gerishon. Kila mmoja alipopata mtoto wa kwanza alimwita Gichuru, kama inavyotakiwa, na mimi wote wawili nawaita mume wangu, kama inavyotakiwa pia. Kwa hivyo katika boma hili kuna Gichuru wawili. Wa Ndung'u, ambaye ni ndugu ya huyu Gathogo tumbo moja, aliondoka nyumbani mwaka jana, na alikokwenda nyinyi mnasema mnakujua. Wa Gerishon hakwenda popote. Anageuza kahawa kwa meza za kuanikia pale kiwandani, kanisani anaimba sauti ya chini, na hajawahi kuchinja hata kuku. Ikifika siku ya kuchinja anamwita Benta, jirani yetu Mjaluo.

Karatasi ya Majoni ilisema wanamtaka Gichuru, mjukuu wa Wakonyo. Wakafika kiwandani, wakamkuta Gichuru, mjukuu wa Wakonyo, na reki mkononi. Wakamtupa ndani ya lori yeye na reki. Mpaka leo msimamizi ananiuliza reki iko wapi.

Wewe Gathogo ulikuwa katika lori hilo, na wewe ndiwe mkalimani. Labda ulikuwa umesinzia. Amka sasa. Mwambie huyo Mzungu wako amechukua mtu asiye wake, amrudishe.

Jambo la pili. Homgadi, hao Wakikuyu wenzetu waliopewa bunduki na serikali, wamekuja kuniambia nihame. Mwisho wa Novemba watu wote wa ukingo huu tuwe tumeingia kijiji kipya, kile cha handaki na miti iliyochongwa, na nyumba zetu zibomolewe. Nimewaambia nimepanda nduma zangu kule chini mtoni na siwezi kuziacha. Walicheka. Wacha wacheke. Sihami.

Ni mimi, nyanya yako,
Wakonyo wa Gichuru


Thika
Jumapili, 17 Oktoba 1954

Kwa Cucu wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi sijambo.

Cucu, umeniponza, na ni Mungu tu aliyeniokoa. Juma hili Sajini Nzioka ana malaria, na gunia la barua nilipewa mimi nilisome badala yake. Kama barua yako ingesomwa na yeye, sasa hivi ningekuwa nyuma ya waya na mimi. Tafadhali usiandike tena kwa posta. Mpe Benta. Yeye si Mkikuyu, haulizwi pasi njiani, na kila Jumamosi anakuja hapa Thika kumwona mume wake Dalmas, ambaye anapika katika kambi yetu. Hii pia naipitisha kwa mikono yao.

Lazima nikueleze. Kapteni hajui kwamba mimi ni mjukuu wako. Niliandikwa kazi kwa cheti cha shule ya misheni, na jina la nyumbani kwetu halikuulizwa. Anajua tu kwamba natoka upande wa Ruiru. Ndugu wa mtu anayetafutwa hawezi kupewa kazi hii, hata ya kufagia hawezi kupewa. Ndiyo sababu sikushuka. Ningeshuka na kukuita Cucu mbele yao ingekuwaje? Nilikuona. Nilikuona vizuri sana, na kuni zako.

Kuhusu mwana wa Baba mdogo Gerishon, usiwe na wasiwasi. Kuna utaratibu. Anaulizwa maswali, na aliye safi huachiliwa. Mambo ya kambi hayakimbizwi. Wewe mwambie Baba mdogo atulie, asije hapa getini kupiga kelele. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kuomba hawa askari waje, baada ya duka lake kuchomwa, kwa hivyo na awape nafasi wafanye kazi waliyoitiwa. Barabara sasa zinapitika. Mwaka jana zilipitika?

Kuhusu huyo mwingine, wa tumbo moja na mimi: usiandike neno lolote. Alipo, aendelee kuwapo.

Nakusihi uhame, Cucu. Kijijini kuna bomba la maji. Nduma si kitu cha kufia.

Nimekutumia sukari na sabuni mbili.

Mjukuu wako,
Gathogo


Kambini
nadhani ni tarehe 24 Oktoba

Kwa mke wangu Wakonyo,

Mume wako hajambo, ila jino moja limehama bila kuaga. Karatasi hii ni ya mfuko wa saruji, na kalamu ni mkaa. Dalmas amekubali kuileta lakini amekataa kubeba maneno asiyoyaelewa, kwa hivyo ninaandika Kiswahili. Dalmas, soma upesi, uji unaungua.

Cucu, hawa watu wananiuliza kwa nini niliwaapisha watu kiapo cha msituni kule bonde la Ndarugu mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu nilikuwa nikifundisha kwaya nyimbo za Pasaka, watu ishirini na wawili ni mashahidi, na mama mmoja aliyekuwa akikosea sauti kila siku. Nawaambia hivyo. Gathogo ndiye anayetafsiri. Mimi nasema maneno mengi, nataja hata nyimbo zenyewe, yeye anasema maneno matatu, kisha napigwa. Kiingereza lazima ni lugha fupi sana.

Gathogo haniangalii usoni. Nadhani anaogopa wakijua sisi ni ndugu watamfukuza kazi, kwa hivyo mimi pia najifanya simjui. Ukimwona mwambie nimeelewa, asione vibaya. Siku ya pili alinidondoshea sigara karibu na waya, na mimi sivuti, lakini nilijua ni salamu.

Tunaambiwa gari la moshi la kwenda kambi ya mbali, njia ya Mombasa, litaondoka Jumatatu tarehe 22 mwezi ujao. Walio na majina mazito ndio wataanza. Jina langu wanasema ni zito. Wanaokwenda huko hawapewi siku ya kurudi.

Mwambie baba reki iko hapa. Wanaifagilia uwanja.

Mume wako,
Gichuru wa Gerishon


Ruiru
Jumapili, 31 Oktoba 1954

Gathogo,

Sukari yako inarudi kwako, Benta amekuletea. Sabuni nimebaki nayo kwa sababu nina nguo za kufua, lakini sitaki ufikiri nimeipokea kwa furaha.

Jina lako ni la baba ya mama yako. Kwa hivyo tangu uzaliwe mimi nimekuita mkwe, na mkwe huheshimiwa hata akikosea. Leo heshima hiyo nimeiweka juu ya dari. Nisikilize.

Baba yako mdogo Gerishon alikuja kwenu Jumatano. Hakupiga kelele. Alivaa koti la kanisa na tai, akabeba barua ya mchungaji, akasimama getini tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Kapteni akatoka. Gerishon akasema: bwana, huyo si Gichuru mnayemtaka, ni mwanangu. Kapteni akacheka akamwambia, kila baba anasema hivyo. Kisha akasema, mkalimani wangu anatoka huko kwenu, na yeye ndiye aliyemtambua, nilimwuliza kwa kinywa changu na akajibu ndiyo.

Gerishon amerudi akaketi kwa kigoda changu na hakunywa uji. Ananiuliza, mama, huyo mkalimani ni nani? Kwa sababu siku ile ya lori yeye alikuwa Nairobi, hajui kama ni wewe. Sikumjibu. Mimi, ambaye sijapata kunyamazia mtu, nilinyamaza nikachochea moto.

Kwa hivyo nakuuliza mimi. Ulisema ndiyo? Jibu neno moja. Naambiwa wewe ni hodari wa kufupisha.

Unaniandikia kwamba Gerishon ndiye aliyewaita, na sasa barabara zinapitika. Ni kweli aliwaita. Alisimama kando ya barabara siku walipofika akapunga kofia, na mimi nilikuwa hapo nikimwona mwanangu akiwapungia watu asiowajua waje watuamulie. Nikamwuliza, Gerishon, hawa watajuaje nani ni nani? Akasema, mama, wana bunduki. Nikamwambia sikukuuliza wana nini.

Atiriri, sikiliza, Gathogo. Sisi tulikuwa tunapigana, sikatai. Tulipigana vibaya. Duka la Gerishon lilichomwa na watu aliobatizwa nao siku moja. Na Homgadi nao walikata migomba ya wajane. Lakini aliyekuchomea ulimjua, na baba yake ulimjua, na ulijua ni kwa sababu gani. Mwaka jana mwezi wa nane wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubali kuketi nyumbani kwa mzee Gichuhi wapatane. Mbuzi alikuwa amepatikana. Gerishon akasema hapana, sina haja ya kuketi na wauaji, askari wanakuja. Na wa upande wa pili wakasema vizuri, kama ameleta askari sisi tunaingia msituni. Siku hiyo ndiyo ndugu yako aliondoka. Hakuondoka kabla. Ukumbuke siku.

Basi wakaja. Vijana wenye magoti mekundu, wengine hata ndevu hawana. Hawatujui, kwa hivyo wanatuogopa sisi sote, na kwa sababu wanatuogopa wanamwamini yeyote anayefika kwanza. Zamani ukigombana na jirani juu ya mpaka ulitafuta wazee, ulitafuta pombe, mlikwenda mkaangalia yale maua ya mpaka yalipandwa wapi na nani. Siku hizi hutafuti wazee. Unatafuta mkalimani. Katika ukingo huu watu kumi na mmoja wamechukuliwa, na mimi najua sita ambao kosa lao ni kuwa na shamba zuri.

Na siku moja watakwenda. Watapanda meli yao waende kwao, watawaambia mama zao kulikuwa na jua kali. Sisi tutabaki hapa tukiteka maji mto mmoja. Wewe utabaki hapa, Gathogo. Utaoa hapa. Utakutana na Gerishon njiani. Utamwambia nini, kwamba kulikuwa na utaratibu?

Mume wangu ameniandikia. Anasema nikuambie ameelewa, kwamba unaogopa kufukuzwa kazi, na usione vibaya. Yeye anafikiri Kiingereza ni lugha fupi. Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza, ili uone jinsi inavyofanywa.

Gari la moshi ni tarehe 22.

Wakonyo


Thika
Jumamosi, 6 Novemba 1954

Cucu,

Ukimaliza kusoma, choma.

Nilisema ndiyo.

Kapteni alisimama mbele ya meza za kahawa, akaniuliza: huyu ndiye Gichuru, mjukuu wa Wakonyo? Na alikuwa ndiye, Cucu. Anaitwa Gichuru, na ni mjukuu wako. Hakuna neno la uongo nililosema. Nimejiambia hivyo kila siku tangu siku ile, na kila siku linanuka zaidi.

Nikuambie kwa nini. Juma lililotangulia walikuwa wamepata habari kwamba ndugu yangu anapita ile njia ya mto, chini ya nyumba yako, kuja kula. Waliweka watu kumi wawe wakilala kwenye matete wakimngoja. Mimi ndiye niliyetafsiri habari hiyo, kwa kinywa hiki. Nilimwona amekwisha kufa. Nikafikiri, wakiamini wamekwisha kumpata Gichuru, watawaondoa wale watu mtoni. Na kweli, siku ile ile waliondolewa. Ndugu yangu akabaki na njia yake.

Na yule wa Baba mdogo nilimjua ni safi. Nilifikiri juma moja ataulizwa, ataonekana hajui lolote, ataachiliwa. Lakini kadiri asivyojua ndivyo wanavyosema ni mkaidi. Na mimi nikishasema ndiyo siku ya kwanza, siku ya pili nitatafsirije kwaya na Pasaka? Kapteni angeniuliza, kwa nini hukuniambia kuna wawili? Nikaanza kufupisha. Mwanzoni nilipunguza kidogo, baadaye nikapunguza zaidi. Sasa Gichuru anaponiangalia natazama viatu vyangu. Na kumbe alikuwa anafikiri ananisaidia.

Sasa nimefungwa pande zote. Nikinyamaza, huyu anapanda gari la moshi tarehe 22, na walinzi wa hapa wenyewe wanasema huko watu wanakufa kwa homa na wanazikwa wakinuka dawa. Nikisema kweli, watajua yule mwingine bado yuko, watarudi mtoni, na safari hii hawatakuwa kumi. Na mimi watanitia ndani kwa kuwadanganya.

Cucu, wote wawili ni waume zako. Mimi ni mkwe tu, umesema. Niambie nimtoe yupi. Utakalosema nitalifanya, lakini ulichague wewe, mimi nimeshindwa. Wewe ndiye uliyetulea baba yetu alipokufa, mimi na yeye, ukatulaza kwa ngozi moja. Unajua sikuweza kufanya vingine.

Au wewe ungeweza kufanya vingine?

Gathogo


Ruiru
Jumapili, 14 Novemba 1954

Gathogo,

Acha kulia kwa karatasi. Wino umetapakaa na macho yangu si ya kuchezewa.

Unaniambia nichague. Hakuna la kuchagua. Keti chini kama umesimama.

Ndugu yako amekufa. Alikufa tarehe 19 Septemba, Jumapili, majuma mawili na siku mbili kabla ya lori lenu kuja. Wale watu kumi kwenye matete walikuwa wakimngoja marehemu, na wewe ulimtoa aliye hai ili kumlinda marehemu.

Alifika asubuhi, saa moja, ukungu ukiwa bado uko mtoni. Alikuwa na tundu hapa, chini ya mbavu, la siku tatu au nne. Hakuniambia ni nani aliyempiga, kama ni Majoni au ni Homgadi au ni watu wake mwenyewe, na nilimwuliza. Alisema, Cucu, kwa sasa hata mimi sijui. Alitaka nduma ya moto. Nilimchemshia. Alikula nusu, akasema nusu nyingine niweke ataimaliza baadaye, akalala. Saa nne alikuwa amekwisha.

Nilimwita Benta. Sikuwa na mwingine wa kumwita. Gerishon angekwenda kwa Homgadi, na wengine sijui siku hizi ni nani. Tulimwosha sisi wawili. Tulimchimbia kule chini kwenye nduma kwa sababu udongo ni laini na sisi ni wazee. Benta hakulia kwa sauti, na kwa Mjaluo hilo ni kama kuacha kupumua. Kisha nikapanda nduma upya juu yake. Zimeshika vizuri. Sasa unajua kwa nini sihami. Ile njia ya handaki la kijiji chao inapita hapo hapo, wameshapigilia vijiti, na wataanza kuchimba wakishanitoa.

Kipande chake cha kitambulisho ninacho. Kina jina lake, jina la baba yake, na alama za vidole. Kiko ndani ya kibuyu cha mbegu za maharagwe.

Unaona sasa tulivyofanya, wewe na mimi. Mimi nilinyamaza nikisema, Gathogo akijua atalia, na akilia kambini watamwuliza anamlilia nani. Nilisema nimlinde huyu aliyebaki. Wewe ukanyamaza ukisema umlinde yule. Mimi namficha maiti, wewe unamficha maiti huyo huyo, na katikati yetu mtu anayeimba Pasaka anang'olewa meno. Ningekuandikia neno moja mwezi wa tisa, ungesema hapana pale kiwandani. Hilo ni langu. Nimelibeba na sitakupa hata kipande chake. Wewe beba lako.

Umeniuliza kama mimi ningeweza kufanya vingine. Jumanne ile, nilipoona lori, nilijua wanamtafuta nani na nilijua yuko wapi. Gerishon alipokaa kwa kigoda changu nilijua. Ningesema wakati huo. Niliogopa, Gathogo. Mimi. Watu wote wa ukingo huu wanafikiri sijui kuogopa, na mimi nimewaacha wafikiri hivyo miaka sitini.

Nimekuwa nikimfikiria baba yako. Ndung'u alichukuliwa na jeshi hili hili, akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, kupigana katika ugomvi wa watu ambao hata majina yao hakuweza kuyatamka. Aliniandikia mara moja. Alisema, mama, tumeingia kijiji kimoja, kuna mama mzee alikuwa anatuzomea kwa lugha yake na hatukuelewa, mkalimani akasema anatukaribisha. Tulicheka, mama, kwa sababu alifanana na wewe. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi, na nilikuwa nacheka mimi pia. Juma hili nimeitoa tena kwenye sanduku. Sikucheka. Najiuliza yule mama alikuwa anasema nini. Labda alikuwa anasema mmemchukua asiye wenu.

Sasa utafanya hivi.

Benta atakupa barua hii leo Jumapili. Amekubali kurudi Thika kwa ajili yake. Usiichome. Imenichukua usiku kucha kuiandika, na utaihitaji.

Kesho asubuhi, kabla ya Kapteni kunywa chai, ingia kwake. Usibishe hodi kama mwizi. Mwambie jina lako lote: Gathogo wa Ndung'u wa Gichuru, mjukuu wa Wakonyo. Mwambie kulikuwa na Gichuru wawili na ulijua. Msomee barua hii kwa Kiingereza, neno kwa neno, pamoja na matusi. Usifupishe. Kama Kiingereza ni kifupi, kirefushe.

Mwambie anayemtaka yuko kwenye shamba langu la nduma na hatakimbia. Waje na majembe yao, mimi langu limevunjika mpini. Nitawaonyesha mahali. Kipande nitampa Kapteni mkononi mwake, si mkononi mwa Homgadi. Alinganishe alama za vidole na za yule aliye kambini, ataona hata kama ni mjinga. Kisha amtoe mume wangu kabla ya tarehe 22, na reki.

Watanikamata kwa kuzika bila kusema. Najua. Blanketi nimelikunja, liko mlangoni, na Benta atakula kuku. Na wewe watakukamata. Hilo pia najua, na usifikiri nimeliandika kwa urahisi. Nimeacha kalamu mara mbili hapa. Lakini ukifungwa kwa neno la kweli nitakuja kwenye waya wako kila Jumamosi, kama nimeachwa huru. Ukibaki huru kwa ile ndiyo yako, usinijie hata kwa mazishi.

Gerishon nitamwambia mwenyewe, leo jioni, kila kitu. Atanipigia kelele. Anayo haki, na ni mara ya kwanza nasema hivyo juu yake.

Jambo la mwisho. Lori litakapofika hapa kwangu kesho, usikae nyuma na usikaze shingo. Nitakuwa nimesimama pale pale katikati ya njia. Ushuke wewe kwanza, kabla ya Mzungu, kabla ya bunduki, uje mpaka nilipo, na unisalimie kwa sauti, waisikie wote, kama mtoto anavyosalimia nyanya yake.

Wakonyo wa Gichuru